Makofi ya Alhamisi Saa Mbili Usiku: Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Waingereza Walivyowapigia Makofi Manesi na Makeya Wakati wa Korona

Ndugu wa nyumbani bado wananiuliza kuhusu yale makofi ya Uingereza ya 2020. Kuna walioona video wakadhani ni sikukuu, kuna wanaoamini ilikuwa amri ya serikali, na vijana wanaojiandaa kuja kufanya kazi ya unesi wanataka kujua imekuwaje watu waliopigiwa makofi nchi nzima wakaja kugoma miaka miwili baadaye. Kipindi kile nilikuwa keya, yaani mtunzaji wa kuajiriwa, kwenye nyumba ya kulea wazee, kwa hiyo haya mambo yananihusu na sitajifanya yananipita mbali.

Hayo makofi yalikuwa nini hasa?

Kila Alhamisi saa mbili kamili usiku watu walitoka mlangoni, dirishani, wengine kwenye vibaraza vya ghorofa, wakapiga makofi dakika chache kuwashukuru wahudumu wa afya. Ilianza tarehe 26 Machi 2020 ikaisha 28 Mei, yaani Alhamisi kumi mfululizo. Kumbuka Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati ule, alikuwa ametangaza lokdauni Jumatatu ya tarehe 23 Machi, kwa hiyo watu walikuwa ndio kwanza wana siku tatu ndani, kutoka ni kununua chakula au dawa, mazoezi mara moja kwa siku, au kama kazi yako haifanyiki nyumbani. Mtaa umekufa kabisa, halafu ghafla saa mbili unasikia milango inafunguka mmoja baada ya mwingine.

Ni makofi tu au kulikuwa na vingine?

Wengine walitoka na sufuria na mwiko, wengine walipiga honi za magari, Scotland ndio usiseme, watu walitoka na zile zumari zao za mifuko. Siku ya kwanza majengo makubwa kama Wembley na Royal Albert Hall yaliwashwa taa za bluu, ambayo ndiyo rangi ya NHS, shirika la afya la taifa linalotibu watu bila kulipia pale hospitali tangu 5 Julai 1948. Watoto nao walichora upinde wa mvua wakabandika madirishani, ukipita mtaani unaona rangi kila nyumba ya pili. Mama mmoja wa Kitanzania jirani yetu alikuwa anapiga vigelegele, na wazungu wakaanza kumsubiri yeye kwanza ndio waanze, hilo silisahau.

Nani alianzisha? Serikali?

Hapana, na hili watu wengi wanakosea. Alianzisha mwanamke Mholanzi anayeishi kusini mwa London, anaitwa Annemarie Plas, aliona watu wa kwao Uholanzi wamefanya hivyo akaona na huku inafaa, akasambaza tangazo mtandaoni likaenda kasi. Serikali na familia ya kifalme waliingia baada ya kuona watu wameshaitika. Johnson mwenyewe alitoka nje ya ofisi yake usiku ule wa kwanza kupiga makofi, kesho yake ikatangazwa ana korona, tarehe 6 Aprili akaingizwa chumba cha wagonjwa mahututi hospitali ya St Thomas'. Alipotoka aliwashukuru hadharani manesi wawili waliokaa naye usiku kucha, mmoja wa New Zealand na mwingine wa Ureno. Wote wawili ni wageni, ngoja tutarudi hapo.

Kwani ilikuwa Uingereza tu?

Wala. Wuhan kule China watu walipiga kelele za kutiana moyo madirishani mwezi Januari. Italia na Uhispania walianza makofi katikati ya Machi, na Wahispania walipiga kila siku saa mbili usiku, siyo mara moja kwa wiki kama Waingereza. Ufaransa vilevile saa mbili kila usiku. New York saa moja jioni, muda ambao mahospitali yanabadilisha shifti.

India ilikuwa tofauti kidogo kwa sababu Waziri Mkuu Modi ndiye aliyewaita watu, Jumapili ya 22 Machi saa kumi na moja jioni, na watu walitoka na masahani, kengele, wakapiga mpaka basi. Lakini ndani ya siku chache madaktari walianza kulalamika kwamba wenye nyumba wanawafukuza kwa kuogopa watawaletea korona. Hebu fikiria, Jumapili mtu amegonga sahani kwa ajili yako na katikati ya wiki vitu vyako viko nje. Ilifika mahali serikali ikatunga sheria ya haraka tarehe 22 Aprili, ukimshambulia mhudumu wa afya ukamjeruhi vibaya unaweza kufungwa hadi miaka saba.

Na huku kwetu Afrika Mashariki?

Haikuwa desturi ya kila wiki kama Ulaya. Kila nchi ilikwenda na yake, Rwanda ilifunga nchi tarehe 21 Machi, Uganda ikafuata mwisho wa mwezi, Kenya ikaweka kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kuanzia 27 Machi, Tanzania shule zilifungwa lakini lokdauni ya kufungia watu ndani haikuwepo. Ukisema watu watoke saa mbili usiku Nairobi wakati ule unawaambia wakutane na askari.

Ila kilio cha wahudumu kilikuwa kilekile. Kenya manesi na maafisa wa kliniki waligoma kuanzia 7 Desemba 2020, madaktari wakafuata tarehe 21, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na mishahara. Mwezi huohuo daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa anahudumia wagonjwa wa korona alikufa kwa korona, na chama cha madaktari kikasema alikuwa amekaa miezi bila kulipwa. Mtu wa miaka 28 jamani. Ndio maana mtu akiniambia makofi ni mambo ya wazungu namwambia makofi labda, lakini deni ni la kila mahali.

Makofi yalisaidia nini kwa kweli?

Kuna watu wanasema yalikuwa maigizo tu, mi sikubaliani. Wiki zile za kwanza hakuna aliyekuwa anajua nani atabaki. Bibi anayeishi peke yake ambaye hajaongea na mtu tangu asubuhi, saa mbili anatoka mlangoni anaona majirani zake wote wako hai, wanapungiana mikono. Majirani waliokaa miaka hawajuani majina walijuana kwa sababu ya zile dakika. Na nesi anayetoka shifti ya masaa kumi na mawili, uso una alama za barakoa, akipita mtaani akakuta watu wanampigia makofi alilia, nimewaona wanaolia, na siyo machozi ya kuigiza.

Kwa hiyo yalitoa moyo. Na moyo ni kitu, mgonjwa na nesi wote wanauhitaji. Ninachokataa ni mtu mwenye uwezo wa kulipa kusimama akapiga makofi halafu akarudi ndani akafunga mlango. Kwetu ukienda kwenye taarab mwimbaji akikukuna hupigi makofi ukakaa, unainuka unamwendea na noti mkononi unamtuza, na mcheza kwao hutuzwa. Mwananchi wa kawaida alikuwa hana noti ya kumtuza nesi, alichonacho ni makofi na alikitoa chote. Aliyekuwa na noti alikuwa amesimama nje ya Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu.

Walikuwa wanapigiwa madaktari na manesi tu?

Mwanzoni watu wengi walikuwa na picha ya daktari na nesi kichwani. Jina lenyewe la kampeni, Clap for Our Carers, lilitaja wahudumu wote wanaotunza watu lakini midomoni mwa wengi ilikuwa NHS, NHS. Sisi makeya wa nyumba za wazee tulikuwa tunasikia makofi tukijiuliza kama na sisi tumo. Baada ya wiki kadhaa watu walianza kutaja makeya, wafanya usafi, wabeba wagonjwa, madereva wa basi, wauza duka.

Tarehe 15 Aprili waziri wa afya Matt Hancock akatangaza beji ya kijani kwa ajili ya makeya, tuivae tutambulike. Beji. Wakati huo kima cha chini cha mshahara ndio kimepanda kufika pauni 8.72 kwa saa na makeya wengi walikuwa hapo hapo au juu yake kidogo tu, wengi wakiwa na mikataba isiyo na saa za uhakika. Ukiumwa ukakaa nyumbani malipo ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki. Kwa wiki nzima! Sasa una kodi ya nyumba, una watoto, nyumbani wanategemea utume chochote, umeanza kukohoa kidogo, unafanyaje? Watu walikwenda kazini wanaumwa siyo kwa sababu hawajali wazee, walikwenda kwa sababu hesabu zilikataa.

Ni kweli nyumba za wazee zilitupwa?

Neno kali lakini sikulaumu ukilitumia. Kati ya 17 Machi na 15 Aprili 2020 karibu wagonjwa 25,000 walitolewa hospitali za England wakapelekwa nyumba za wazee ili vitanda vipatikane, na haikuwa lazima wapimwe kwanza. Wazee waliokaa chumba kimoja meza moja, virusi vikiingia ni basi. Aprili 2022 Mahakama Kuu ilisema sera ile ilikuwa kinyume cha sheria kwa sababu haikuzingatia hatari ya mtu asiye na dalili kuwaambukiza wengine. Familia zilizopoteza wazazi ndizo zilizopeleka kesi. Kwa hiyo Alhamisi makofi yanapigwa na ndani kwetu tunawafunika mashuka wazee ambao mwezi uliopita walikuwa wanatuimbia nyimbo zao za zamani.

Na vifaa vya kujikinga?

Shida tupu. Gauni, barakoa, ngao za uso, vyote vilikuwa haba mwezi wa Machi na Aprili. Manesi walipiga picha wamevaa mifuko ya takataka kama aproni. Serikali ikatangaza shehena kutoka Uturuki yenye gauni 400,000, ndege ikachelewa, nchi nzima inafuatilia ndege moja kwenye taarifa ya habari, na zilipofika nyingi zikakutwa hazina ubora unaotakiwa. Ndio maana kwenye maandamano ya wahudumu kulikuwa na bango linalosema wao ni madaktari, siyo watu wa kufa kishahidi.

Waliokufa walikuwa akina nani?

Madaktari kumi wa kwanza kutangazwa kufa kwa korona Uingereza wote walitoka jamii za watu weusi, Waasia na Waarabu. Wa mwanzo kabisa alikuwemo Adil El Tayar, daktari wa upandikizaji mwenye asili ya Sudan, na Alfa Sa'adu wa Nigeria aliyekuwa ameshastaafu akarudi kusaidia. Soma tena, alistaafu akarudi. Kwa jumla wahudumu wa afya na makeya waliokufa ni mamia. Tarehe 28 Aprili saa tano asubuhi nchi nzima ilinyamaza dakika moja kwa ajili yao, na kwangu ile dakika ya kimya ilikuwa nzito kuliko makofi yote kumi.

Familia zao ziliahidiwa pauni 60,000 kama mhudumu amekufa kwa korona aliyoipata kazini. Na kwa familia za wageni, ruhusa ya kubaki nchini moja kwa moja mwanzoni iliwahusu ndugu wa madaktari, manesi na fani chache tu. Mfagizi wa wodi na keya hawakuwemo mpaka tarehe 20 Mei baada ya watu kupiga kelele.

Hiyo ada ya afya kwa wageni ilikuwaje?

Hapa ndipo wengi wetu tulichoka kabisa. Mgeni mwenye viza analipa ada ya kutumia NHS, wakati ule ilikuwa pauni 400 kwa mwaka kwa kila mtu wa familia na ilikuwa ipande mpaka 624 mwezi Oktoba. Sasa nesi kutoka Kenya au Ufilipino anayefanya kazi NHS, anakatwa kodi kama wengine, na bado analipia kuitumia hospitali anayoifagia damu. Tarehe 20 Mei Johnson aliitetea ada bungeni, kelele zikawa nyingi mpaka ndani ya chama chake, kesho yake tarehe 21 akabadilika na kuwafutia wafanyakazi wa afya na makeya. Tarehe 21 ilikuwa Alhamisi, usiku wake watu wakatoka kupiga makofi, na kwa mara ya kwanza yalikuwa na kitu nyuma yake.

Nikikaa ndani nisipige nitaonekana vipi?

Kuna mitaa ambayo asiyetoka alisemwa, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa wanauliza nyumba namba fulani mbona kimya. Na mara nyingine ndani ya nyumba hiyo kalala nesi aliyetoka shifti ya usiku, au mama ana kichanga. Hiyo haikuwa sawa hata kidogo. Pia tarehe 16 Aprili watu walijazana daraja la Westminster London, polisi wakiwemo, wamebanana kupiga makofi mbele ya hospitali ambayo ndani yake watu wanakosa pumzi, wahudumu waliumia sana kuona vile.

Kapteni Tom ni nani?

Mzee Tom Moore, askari wa vita vya pili vya dunia, aliamua kutembea na kigari chake cha kujishikilia mizunguko 100 kwenye bustani yake kabla hajatimiza miaka 100 tarehe 30 Aprili 2020, alitaka achangishe pauni 1,000 kwa misaada ya NHS, zikaingia karibu milioni 33. Akapewa cheo na Malkia mwezi Julai. Alifariki tarehe 2 Februari 2021 akiwa na korona. Mzee mwema sana, Mungu amrehemu.

Kwa nini makofi yaliisha?

Annemarie Plas mwenyewe aliomba yaishe wiki ya kumi, alisema bora yaishe yakiwa bado na nguvu na hakupenda yanavyoanza kuvutwa na siasa. Usiku wa mwisho baadhi ya wahudumu walisimama kimya nje ya Downing Street badala ya kupigiwa. Tarehe 5 Julai watu walipiga tena mara moja kuadhimisha miaka 72 ya NHS. Januari 2021 wimbi la pili limekuja na lokdauni nyingine, akajaribu kuyarudisha kwa jina jingine, lakini mwitikio ulikuwa mdogo na mtandaoni alitukanwa yeye na familia yake mpaka akajitoa. Kumtukana ilikuwa dhambi tupu, yule dada hakuwa waziri wa fedha, alitoa alichokuwa nacho.

Mishahara iliongezwa?

Scotland na Wales walitoa bonasi ya pauni 500, Wales ilianza na makeya mapema Mei 2020 na mi nawaheshimu kwa hilo. England, Machi 2021 serikali ilipendekeza nyongeza ya asilimia 1 kwa wafanyakazi wa NHS. Moja. Watu walikasirika ikapandishwa kuwa 3 mwezi Julai. Mwaka 2022 bei za vitu zikapanda zaidi ya asilimia 10, nyongeza haikufika hata nusu ya hapo kwa manesi wengi, na tarehe 15 na 20 Desemba chama cha manesi, Royal College of Nursing, kikagoma. Chama hicho kipo tangu 1916 na kilikuwa hakijawahi kufanya mgomo mkubwa namna ile. Mabango yalisema makofi hayalipi bili.

Ufaransa waliopiga makofi kila usiku walifika mezani mapema zaidi, Julai 2020 walisaini makubaliano ya kuwaongezea wafanyakazi wa hospitali za umma euro 183 kila mwezi. Wafanyakazi wengine bado walisema haitoshi na mi nawaelewa, lakini ni pesa inayoingia kila mwezi.

Je bado wanahitaji wageni? Nataka kuja.

Kwa manesi, njia ya viza bado ipo. Julai 2021 Kenya na Uingereza walisaini makubaliano ya manesi wa Kenya kuja kufanya kazi. Ukeya ndio mambo yamebadilika na tafadhali sikiliza vizuri hapa. Kuanzia 11 Machi 2024 keya mpya akakatazwa kuleta mke, mume au watoto, na tangu 22 Julai 2025 viza ya ukeya imefungwa kwa mtu anayeombea akiwa nje ya Uingereza. Kwa hiyo agenti akikwambia leo Dar au Mombasa kwamba umpe milioni kadhaa akutafutie viza ya ukeya Uingereza, usimpe hata shilingi. Watu wameuza mashamba.

Mi si mhudumu wa afya, nikitaka kuwashukuru nifanye nini?

Piga makofi ukitaka, na vigelegele juu, usimsikilize anayekucheka. Halafu muulize nesi wa zahanati yako kama mshahara umetoka mwezi huu na kama glavu zipo, na jibu alilokupa mpelekee diwani au mbunge wako kwa jina la zahanati na tarehe. Kama una nyumba ya kupangisha mpangishie, usimfukuze ugonjwa ukija. Wakigoma waulize wanadai nini kabla hujawaita wakatili. Na ukienda hospitali yule anayepiga deki koridoni msalimie kama unavyomsalimia daktari.